Ndege Gani?

Jumatatu niko ndani ya matatu pale Muthurwa, konda ananidai nauli kwa mara ya pili, simu ikalia. Kundi la WhatsApp: kambi ya pili ya uandishi katika msitu wa Kakamega, nafasi kumi na mbili pekee, "njoo uisikie sauti yako". Nikacheka peke yangu hadi jirani akasogea dirishani.

Ile ya kwanza nilienda. Sh32,000, nauli kando. Hiyo ni kodi yangu ya miezi miwili Umoja na baki ya tokeni za stima. Na niseme ukweli kabla sijaanza kuuma: niliandika. Kurasa kumi na moja kwa siku tatu, mimi ambaye hapa Nairobi nikijikaza mwezi mzima natoa nne. Hakukuwa na jenereta ya jirani, wala kesha la maombi lenye spika nne, wala mtu wa kupiga honi kana kwamba foleni itamwogopa. Haya, alama hiyo nimewapa. Siirudii.

Ila kama ni utulivu tu, msitu wa Karura uko hapahapa Nairobi. Wangari Maathai alipigwa pale mwaka 1999 ili mimi na wewe tupate kivuli cha kukalia bila kushinda kutwa kwenye basi.

Kilichonikera ni usiku wa Jumamosi. Tumezunguka moto, kila mtu anasoma alichoandika. Wa kwanza: miti mirefu, ndege wakiimba. Wa pili: kijani kila upande, ndege wakiimba. Wa tatu alikuwa na "miti mikongwe", tukampigia makofi kwa ubunifu. Msinione mtakatifu, wangu ulikuwa na "ndege wasiohesabika". Basi yule mzee aliyekuwa akitutembeza mchana akaja na mzigo wa kuni, akasimama kidogo nyuma ya duara, akasikiliza. Kisha akauliza, kwa upole kabisa:

"Ndege gani?"

Kimya. Mshairi wetu akajibu, "Ndege tu, mzee." Mwezeshaji akacheka, akasema mshairi ana ruhusa yake. Mzee akapanga kuni motoni, akarudi jikoni, ambako walikuwa wanakula ugali na mrenda ilhali sisi tumepewa supu ya boga iliyopambwa majani.

Mnaelewa kwa nini sikulala? Mchana huohuo alikuwa ametusimamisha njiani, kidole juu, tukasikia kitu kama mtu anakung'uta shuka nzito hewani. "Hondohondo," akasema. "Ni mabawa hayo, bado hajafungua mdomo." Asubuhi tuliamshwa na mngurumo kama boda inayokataa kuwaka, akatuambia ni mbega dume anawatangazia majirani mpaka wake. Akatupeleka kwenye mti wenye kovu kubwa, gome limebanduliwa hadi juu ya kichwa changu. Mwiritsa. Gome lake husafirishwa hadi Ulaya, linatengenezwa dawa ya tezi dume, na mti ukibanduliwa mzunguko mzima unakufa umesimama. Dada mmoja wa Murang'a akashika lile kovu, akasema, "Ngoja, huu si mũiri? Cucu alikuwa nao nyuma ya zizi!" Akaanza kutusimulia habari za huyo cucu, yaani nyanya yake, na zile dakika tano ndizo pekee nilizosikia hadithi ya kweli wikendi nzima. Mwezeshaji akatukumbusha kwamba matembezi ni ya ukimya.

Ya ukimya! Unamlipa mtu anayeujua msitu mti kwa mti, halafu unamnyamazisha ili watu wa Umoja na Kilimani wafumbe macho "msitu useme nao". Msitu ulikuwa unasema. Ulikuwa umevaa gambuti na koti la mvua, na hamkumpa kiti.

Najua mtaniambia mwandishi si mtaalamu wa mimea. Kweli. Lakini huwezi kukiandika kitu usichoweza kukiita. Kiswahili chetu kilizaliwa pwani, kinamjua mkoko na mnazi hadi ndani ya mizizi. Kikifika Kakamega kinaanza kusema "miti mirefu" kama mgeni aliyesahau majina ya wenyeji wake. Majina yapo, yako midomoni mwa Waisukha na Watiriki wanaoishi kando ya msitu. Tungeyaomba tu. Badala yake wengi wetu tuliandika kwa Kiingereza, ambacho kina jina la kila ndege pale, na bado tukaandika "ndege".

Kuna mmoja wetu alikuja na mukombero mfukoni, ameununua barabara ya Tom Mboya jijini, anatafuna ili asisinzie. Aliuruka mmea wenyewe njiani bila kuujua. Mzee akamwonyesha, na kando yake shimo ambalo mwingine ulikuwa umeng'olewa. Kinacholiwa ni mzizi, kwa hiyo ukiula umeumaliza. Yule kijana alisita kutafuna kwa kama dakika moja. Kisha akaendelea.

Siafu je? Waliingia kwenye chumba cha mshairi usiku wa Ijumaa, mayowe yakafika barabarani. Sisi tunatafuta dawa ya kupuliza, mzee anasema, "Tokeni tu, wapisheni. Watafagia mende wote, kisha wataenda zao." Wakafagia, wakaenda. Hilo hakuna aliyeliandika, si la kishairi.

Na msitu wenyewe si wa kuchezea. Ni mkia wa mwisho, huku mashariki, wa ule msitu mkubwa wa Kongo. Kwenye ramani ni kama kilomita mraba 240, na ramani ni karimu kuliko shoka.

Basi nimewajibu waandaaji palepale Muthurwa. Nimesema nitalipa, hata kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sharti moja: mzee apewe asubuhi nzima ya Jumamosi, akae kitini, alipwe kama mwezeshaji, na sisi ndio tushike kalamu. Alama mbili za buluu zilitokea dakika ileile. Leo ni Alhamisi.