Pleji Zimemuuzisha Kijana Bodaboda

Kijana mmoja wa hapa Sofia, Busia ya Uganda, ameuza pikipiki yake. Ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mama yake, na sasa ilikuwa imlishe na mke. Hakuiuza kwa sababu ya ugonjwa wala karo. Ameiuza ili awalipe mwenye mahema na mpishi wa harusi yake mwenyewe, kwa kuwa watu waliokaa kwenye mikutano ya harusi ile, wiki baada ya wiki, wakisimama na kutamka pleji, yaani ahadi zao za michango, hawakuleta walichotamka. Nina hasira, na sitaki ipoe kabla sijaandika.

Mtaani wameanza kumsema yeye. Eti alitaka makubwa. Eti angefunga ndoa kwa kahawa na tende, mambo yakaisha.

Daftari la mweka hazina nimelishika mkononi. Ni daftari la mistari la watoto wa shule, limechorwa kwa rula safu nne: jina, pleji, ametoa, baki. Safu ya pili imejaa mpaka ukingoni. Ng'ombe mmoja. Soda kreti kumi. Keki. Mafuta ya magari ya maharusi. Mchele magunia mawili. Laki tano. Laki tatu. Laki tatu tena. Safu ya tatu ni nyeupe kurasa kwa kurasa. Mbele ya ng'ombe hakuna kitu. Mbele ya keki kuna elfu hamsini, na tarehe yake ni ya baada ya harusi, keki imekwisha liwa na kusahaulika.

Basi kijana alitaka makubwa gani? Bajeti ile hakuiandika yeye. Iliandikwa na kamati, na kamati ilikuwa ikiipandisha kila mtu aliposimama. Mkutano wa kwanza ilikuwa harusi ya watu wachache, pilau na soda, saa kumi na mbili watu wamekwenda zao. Mzee akatoa ng'ombe, wageni wakaongezwa. Dada akachukua keki, keki ikapanda ngazi. Kwa kuwa wageni wameongezeka, mahema yakaongezwa, na viti, na sufuria za mpishi, na vijana wa kuhudumu. Kila neno lililotamkwa lilizaa gharama, na gharama yote ikaandikwa kwa jina la kijana.

Mikutano yenyewe mnaijua. Emsii, mshereheshaji, anasimama na orodha. "Zimebaki kreti kumi za soda. Nani anatuondolea aibu?" Kimya. Anamtaja mtu kwa jina, mbele ya wakwe zake. Mtu anasimama, anafunga kifungo cha koti, anasema, "Niandikieni zote." Hapo utasikia, "Mpigieni kilo!" Ukumbi mzima unapiga kilo, yale makofi ya pamoja ya kumpongeza mtu, akina mama wanapiga vigelegele, mtu anaketi akiwa mkubwa kuliko alivyosimama. Na yule aliyetangulia kuweka elfu ishirini taslimu kwenye sahani? Jina lake lilisomwa, likaandikwa, watu wakaendelea na mazungumzo.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Heshima tunaitoa siku ya kutamka. Anayetamka anarudi nyumbani akiwa amekwisha kulipwa: kilo ameipokea, wakwe wamemwona, jina lake limezunguka kwenye kundi la WhatsApp usiku ule ule pamoja na alama za mikono inayoomba dua. Siku akituma pesa kwa simu, anayejua ni mweka hazina peke yake. Hakuna ukumbi unaosimama kwa ajili ya ujumbe wa simu ulioingia saa tatu usiku. Kwa mpango huu tumeweka sifa yote kwenye kusema na uzito wote kwenye kutimiza, na hata mtu mwema, mshahara ukichelewa kidogo, atalegea.

Na angalia sheria inavyomshika kijana. Mwenye mahema ni mtu makini, alimtilisha kijana sahihi kwenye mkataba, maana Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uwe kwa maandishi. Deni lisilozidi shilingi milioni 10 anaweza kulipeleka kwa hakimu kwa utaratibu wa madai madogo ulioanzishwa na kanuni za 2011, na kesi ikaisha bila mawakili. Sina ugomvi naye. Mahema aliyaleta, viti vilihesabiwa, vijana wake walilala pale pale wakivilinda. Lakini mzee wa ng'ombe nani atampeleka wapi? Sheria ya mikataba tuliyorithi kwa Waingereza haiibebi ahadi ya bure. Kama aliyeahidiwa hakutoa chochote kama badala ya ahadi ile, mahakamani hana dai. Kwa hiyo aliyeamini anashikwa, na aliyeaminisha anatembea. Mimi si mwanasheria, ila jambo hili nalikataa kwa moyo wangu wote.

Nilimwendea sheikh mmoja hapa mjini. Akanisomea Surat Al-Israa, aya ya 34, kwamba ahadi itaulizwa. Nikamwambia hiyo naijua tangu madrasa, na kwamba huko tutakakoulizwa nina yakini nako. Ninachotaka kujua ni huku, Busia, kabla pikipiki haijauzwa. Akatabasamu, akanieleza jambo ambalo limenikaa kichwani mpaka sasa. Wanazuoni wengi, alisema, wanaona kutimiza ahadi ya hisani ni jambo jema linalosisitizwa sana, ila kadhi hamlazimishi mtu. Wanazuoni wa Kimaliki wana kauli yao mashuhuri: ukimwahidi mtu, naye kwa sababu ya ahadi yako akaingia gharama, unalazimika kutoa. Na mifano yao ni ya maisha haya haya. Umemwambia mtu, bomoa nyumba yako nami nitakukopesha pesa ya kujenga, akabomoa. Umemwambia, oa, mimi nitakukopesha, akaoa. Hapo huna tena ruhusa ya kusema umebadili mawazo, kwa maana umekwisha msukuma mwenzako mahali ambapo hawezi kurudi.

Nilipotoka pale nilikuwa nimepata nilichokitafuta. Watu wamekuwa wakiniambia kwamba ng'ombe alikuwa wa mzee, na asipomtoa ng'ombe ni wake vile vile, hakuna aliyeibiwa. Hapana. Kabla ya pleji ile kijana alikuwa na harusi ndogo na pikipiki. Baada ya pleji ile ana deni na hana pikipiki. Kitu kimetoka mikononi mwake, na kilichokitoa ni neno la mtu. Wakristo wenzetu nao wanayo katika Mhubiri sura ya 5, kwamba heri usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Dini zote mbili za mtaa huu zimesema, na bado tunapiga kilo.

Mtu ataniambia nianzie juu, nianzie na wakubwa. Nakubali, tumejifunza kwao. Mheshimiwa anakuja kwenye uzinduzi wa kanisa au madrasa, anapokea kipaza sauti, anataja mabati, anapigiwa kilo, anaondoka na msafara wake kabla ya chakula. Na jukwaani kwenye kampeni ni vivyo hivyo: barabara, daraja, hospitali. Ilhali Katiba ya 1995 hairuhusu pesa kutoka kwenye mfuko mkuu wa serikali bila idhini, na Bunge linapaswa kupitisha bajeti kufikia tarehe 31 Mei, kwa mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai. Barabara iliyotajwa chini ya hema mwezi wa Oktoba haina hata shilingi siku hiyo. Mheshimiwa ana matumaini tu kwamba itaombewa pesa huko mbele. Lakini mwananchi aliyesikia anaanza kupanda kabichi nyingi zaidi, kwa kuwa lori litafika. Zinaozea shambani.

Lazima nikiri, ingawa nikiwa na hasira hivi sipendi kukiri, kwamba zipo zilizotimizwa. Mwaka 1996 Rais Museveni aliahidi watoto wanne wa kila familia wasome shule ya msingi bila karo. Januari 1997 ikaanza kweli, na wanafunzi wakaruka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5. Mengi ya kusema kuhusu madarasa yale yapo, ila milango ilifunguliwa. Kodi ya kichwa nayo iliondolewa mwaka 2005, na wazee wetu wakaacha kukimbilia vichakani alfajiri. Kwa upande mwingine kuna Abuja, Aprili 2001, ambako nchi za Afrika, yetu ikiwemo, ziliahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya, na mwaka baada ya mwaka yetu imekuwa chini ya hapo. Kuna Kiswahili chenyewe, kilichoandikwa kwenye Katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili. Ikabidi tungoje mpaka Julai 2022 ndipo baraza la mawaziri likakubali kifundishwe kote kwenye shule za msingi na sekondari. Ng'ambo ya geti la mpakani, Kenya, Julai 2024, Rais Ruto aliwakataza maofisa wa serikali kushiriki harambee, michango ya hadharani. Sisi sheria yetu ya uchaguzi wa wabunge ya 2005 inamzuia mgombea kuchangisha na kutoa misaada wakati wa kampeni. Kampeni zikiisha, vipaza sauti vinarudi.

Lakini siwezi kumdai Rais kwenye mkutano wa mtaa. Jirani yangu naweza.

Na kuna kundi moja nataka niliseme kwa upole. Ni wale wanaopleji kwa aibu. Mama anauza mukene, dagaa wa ziwani, sokoni, mtaji wake wote unaingia kwenye beseni moja. Emsii anamwita, "Shangazi, umetuandikia ngapi?" Macho yote kwake. Anasema laki, kwa sababu elfu kumi aliyofunga kwenye kanga ataonekana ameidharau familia. Huyu sisi ndio tuliomdanganyisha. Angeachiwa atoe elfu kumi yake na kuitwa asante kwa sauti, mchele ungenunuliwa, na yeye angelala usingizi. Badala yake anaikwepa njia ya kwa bwana harusi mpaka leo, anapita nyuma ya maduka akisalimia kwa mbali. Pleji isiyotoka moyoni imeharibu pesa na imeharibu ujirani.

Pia kuna anayeahidi kwa nia safi mambo yakamgeukia. Kwenye daftari lile yupo mmoja aliyeandika mahindi, mvua zikamkatalia. Alikwenda mwenyewe kwa mweka hazina kabla kadi hazijasambazwa, akasema, "Mwanangu, nifute, nimeshindwa." Akafutwa, hesabu ikarekebishwa, hakuna aliyeumia. Huyo sina neno naye kabisa. Alifanya kile ambacho mzee wa ng'ombe angeweza kukifanya kwa kupiga simu ya dakika moja.

Kuna kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, inayokuja mtaani kwetu na mimi nimo kwenye kamati. Nimeleta mapendekezo na tayari nimeitwa mgumu. Kwanza, bajeti ifungwe wiki mbili kabla kadi hazijachapwa, kwa kilichomo mkononi peke yake. Kinachokuja baadaye kiwape maharusi godoro na sufuria za kuanzia maisha. Kila pleji iandikwe na tarehe yake ya kulipwa, na tarehe ikipita mweka hazina ampigie mtu simu, kwa heshima, amuulize kama afutwe. Na emsii asimwite mtu kwa jina. Mwenye kusimama asimame.

Mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu sana, amekubali la bajeti. La tarehe amelikubali shingo upande, anaogopa watu watasema tunawadai kama benki. Kuhusu kuyasoma hadharani majina ya wasiolipa, kijana mmoja alilitaka sana, mimi nililipinga na naendelea kulipinga: aibu ndiyo iliyotuletea pleji za uongo, haiwezi kutuletea za kweli. Daftari lionwe na wazazi wa pande zote mbili, inatosha.

Tulipokwama ni kwenye kilo. Mzee anasema mkutano bila kilo utapooza, watu wataacha kuja, na hapo ana haki, furaha ya mikutano ile naipenda hata mimi. Nimemwambia kilo ibaki, ila ipigwe pale tu mweka hazina anaposoma ujumbe wa pesa iliyoingia, na mwenye elfu tano apigiwe sawa na mwenye laki tano. Amesema anipe jibu baada ya kuongea na wazee wenzake. Tunakutana Jumapili baada ya swala ya Alasiri, na nimeomba hoja hiyo iwe ya kwanza kabla sahani haijapitishwa.