Anayepanda apishwe, sawa, lakini kama inayopanda ni mota?

Kuna jambo limekuwa likinikaa rohoni muda mrefu na leo naliandika lote. Huku California Kaskazini ninakoishi, watu wa baiskeli za milimani wamegawanyika makundi mawili, wa baiskeli za kawaida na wa baiskeli za umeme, na ukiwakuta wanabishana pale tunapopaki magari kabla ya kuingia msituni utadhani ni ndugu wanagombea shamba la marehemu. Wa kawaida wanasema zile ni pikipiki zilizowekewa pedali. Wa umeme wanasema wale wengine wana choyo tu, msitu wameufanya wao. Mimi nanyonga ya kawaida, sina mota wala sina mpango wa kununua, lakini naona kabisa wenye mota hawajasikilizwa vizuri, na kosa lao la kweli, maana lipo, ndilo watu hawalitaji.

Nianze na kosa. Jumamosi moja napanda kijia chembamba, gia nyepesi kuliko zote, jasho linadondokea kwenye usukani, njia upana wake haufiki hata mita moja. Nyuma nikasikia kamlio kadogo kama mashine ya kunyolea, na kabla sijageuza shingo jamaa ameshanipita ubavuni, hajapiga kengele, hajasema neno. Nilishtuka, gurudumu la mbele likatoka njiani, nikashusha mguu. Aliyewahi kushusha mguu katikati ya mlima wa changarawe anajua, kuondoka tena ni balaa, tairi la nyuma linazungukia hapo hapo halipati pa kung'ata, mwisho unashuka unasukuma kwa mkono mpaka uipate sehemu tambarare. Niliwaka kweli kweli.

Siku hiyo hiyo, mbele kidogo, kwenye kona nikamkuta mzee mmoja wa makamo ya kustaafu, baiskeli yake nene ya betri, amejibana kabisa pembeni kwenye majani, mguu mmoja chini, ananisubiri nipite na yeye ndiye alikuwa anapanda pia, yaani aliniona nyuma yake namkaribia baada ya yeye kupumzika akaamua niende mbele. Nikamwambia hapana tangulia wewe. Akasema, pita tu, wewe ukisimama utateseka kuondoka, mimi nikisimama naondoka tena bila shida. Baadaye juu kileleni tukaongea, ana goti la bandia, miaka minne hakuwahi kukanyaga huu mlima, betri ndiyo iliyomrudisha.

Maneno yake yalinirudisha Lushoto nilikokulia. Njia zetu za milimani nazo ni nyembamba, na hakuna mtu aliyekaa kikao kuandika kanuni, lakini mtoto wa miaka sita anajua, mama akipanda na mzigo wa kuni kichwani wewe unajibana kwenye ukingo, hata kama na wewe una haraka, hata kama wewe ndiye ulifika kwenye njia kwanza. Mwenye mzigo hupishwa. Asiye na mzigo ndiye anayepisha.

Sasa angalia kanuni maarufu ya baiskeli za milimani, ile ambayo Marekani nzima wanaijua: anayeshuka anampisha anayepanda, na baiskeli zote zinawapisha watembea kwa miguu na farasi. Kwa nini anayepanda apishwe? Ni kwa sababu ya mzigo wake, mapafu yanawaka, mwendo umemwishia, ukimsimamisha umemwonea. Kanuni haikuwa inaheshimu kupanda kwenyewe, ilikuwa inaheshimu mzigo. Ukimpa mtu mota umemtua ule mzigo kichwani, na kile kilichokuwa kinampa haki ya kupishwa hakipo tena. Hapa ndipo ugomvi wote ulipo na watu wanazunguka tu pembeni, mara udongo, mara kelele, mara "wanadanganya, hawafanyi mazoezi".

Hilo la kudanganya nalikataa. Chuo Kikuu cha Brigham Young cha Utah walitoa utafiti 2019, walichukua waendeshaji wazoefu 33 wakawapitisha njia ile ile kwa baiskeli ya kawaida na ya umeme, wakapima mapigo ya moyo. Kwenye ya umeme wastani ulifika kama asilimia 94 ya ule wa kawaida. Asilimia 94! Kweli walimaliza haraka zaidi, kwa hiyo moyo haukukaa juu kwa muda ule ule, na watu 33 si wengi, lakini ile picha ya mtu aliyekaa kama yuko kwenye kochi anabebwa mpaka juu haipo. Huku za umeme zimegawanywa madaraja matatu. Baiskeli ya daraja la 1, ndiyo ninayoitetea hapa, usiponyonga haiendi. Mota inasaidia ukikanyaga tu, na ikifika kilomita 32 kwa saa inakata. Haina akselereta. Za daraja la 2 zina akselereta, za daraja la 3 zinasaidia mpaka kilomita 45, hizo ni habari nyingine na mimi sizitaki kwenye vijia vyembamba.

Udongo pia. Mwaka 2015 IMBA, ile jumuiya kubwa ya waendesha baiskeli za milimani, walifanya jaribio Oregon, wakapitisha baiskeli ya kawaida, ya umeme ya daraja la 1 na pikipiki, wakapima udongo umehama kiasi gani. Pikipiki ilichimba, hizo mbili nyingine zilikaribiana sana, isipokuwa kwenye baadhi ya kona na pale mwinuko unapobadilika ambako ya umeme ilisukuma udongo zaidi kidogo. Lilikuwa jaribio dogo, sitaki kulibebesha kuliko uwezo wake. Ila anayesema baiskeli ya umeme inaharibu njia kama pikipiki anasema kitu ambacho waliopima hawakukiona.

Na kinachoniuma zaidi ni historia, maana hapa hapa kwetu, Marin, kaskazini mwa San Francisco, ndiko mchezo wenyewe ulikozaliwa. Tarehe 21 Oktoba 1976 vijana waliteremka barabara moja ya vumbi karibu na Fairfax kwa mibaiskeli mizito ya zamani ya matairi manene, breki za kukanyaga kinyume, na ile hub, kitovu cha gurudumu, ilikuwa inachemka mpaka grisi yote inaungua inatoka moshi, kila wakishuka wanaifungua wanaijaza grisi upya, ndiyo maana njia ile ikaitwa Repack, yaani jaza upya. Akina Gary Fisher, Joe Breeze na Charlie Kelly, wanaohesabiwa waanzilishi wa mchezo huu, wametokea hapo. Walipokewaje na wenye farasi na watembea kwa miguu? Kwa maneno yale yale ninayoyasikia leo: wana kasi, hawana adabu, wanashtua wanyama, wakanyonge kwingine. Miaka ya themanini wakafungiwa vijia vingi vya Mlima Tamalpais wakaachiwa barabara pana za magari ya zimamoto, wakawekewa mwendo wa maili 15 kwa saa, yaani kilomita 24, na askari wa hifadhi wakawa wanawavizia na rada. Mwaka 1984 serikali nayo ikasema wazi kwamba maeneo ya nyika yaliyolindwa kwa sheria ya 1964 baiskeli haziingii kabisa. Mpaka leo watu wanalalamikia hilo, na ni haki yao. Halafu hao hao wanageuka wanamwambia mzee wa goti la bandia maneno waliyoambiwa wao. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Lakini upande wa pili nao una hoja, na moja ni nzito kuliko wenye mota wanavyotaka kukubali. Hapo nataka tukae kidogo.

Chukua mlima wa asilimia 10, mwinuko wa kawaida tu huku. Mtu na baiskeli yake ya kawaida jumla kilo 100, miguu inatoa wati 150, kwenye vumbi atapanda kama kilomita 4 kwa saa na kidogo, hatua za mtu anayetembea taratibu. Mweke mtu yule yule kwenye ya umeme, kilo zinaongezeka kama kumi, mota imwongezee wati 250 tu, anafika 10. Imwongezee 450, ambazo mota nyingi za leo zinatoa bila jasho, anafika 15. Sasa tofauti ya 4 na 15 ni kama mita tatu kila sekunde. Kama kona iko mita 15 nyuma yako, kuanzia anapotokeza mpaka anakufikia una sekunde tano, na hizo tano wewe unahema huwezi kugeuka, masikio yamejaa pumzi yako mwenyewe. Zamani nyuma yako kwenye kupanda hakuna kilichokuwa kinakuja. Kwenye kushuka ndiyo, macho yote mbele, unajua kuna mtu anaweza kushuka kama jiwe. Kupanda kulikuwa sehemu salama ya njia, sehemu ya kuinamisha kichwa. Mota imeiondoa hiyo, na ndicho kitu ambacho wa kawaida wamepoteza kweli, ila badala ya kukisema hivyo wanasema "wanashuka kwa kasi", wakati kwenye kushuka mota imeshakata au haina kazi, kinachomsukuma ni mlima kama mimi na wewe.

Na mota zinakua. Miaka michache nyuma mota kubwa ya kampuni ya Bosch ilikuwa na nguvu ya kilele wati 600, ikaonekana ni nyingi. 2024 DJI, wale wa droni, wakaleta yao ya Avinox inayofika 1000. Kikomo cha kilomita 32 kiko pale pale, lakini kwenye mlima hakuna aliyekuwa anafika 32, kwa hiyo kikomo hakimgusi mtu, kinachoamua ni wati. Hesabu yangu ya hapo juu inazidi kuwa mbaya kila mwaka, na anayesema daraja la 1 ni daraja la 1 tu anajifanya haoni.

Kuna pia wanaofungua kikomo kwa vifaa vya kununua. California ilipitisha sheria 2024 kukataza kuviuza, sawa, lakini vilivyouzwa tayari viko msituni. Kuna vijana na pikipiki za umeme kamili, hazina hata pedali, wanaziita baiskeli, na askari wa hifadhi kutoka mita hamsini hawezi kutofautisha, kwa hiyo hasira yote inamwangukia mzee wangu. Na hofu ya kufungiwa ni ya kweli. 2019 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani, ambayo kule ndiyo inayosimamia ardhi na hifadhi za taifa, iliagiza hifadhi zake ziruhusu za umeme zinakoenda za kawaida, lakini Idara ya Misitu iko wizara nyingine na yenyewe inazihesabu kama vyombo vya mota. Mtu aliyejitolea wikendi kwa wikendi na jembe na sururu kutengeneza njia, akaomba kibali miaka, akasikia "kama mmeanza kuingiza mota basi tunafunga kwa wote", ana haki ya kuogopa. Huyo simwiti mchoyo.

Ila dawa yake ni nini? Kuwafukuza wa daraja la 1 wote haiwagusi wa vifaa haramu, hao sheria walishaivunja zamani na watavunja na hiyo. Inayemgusa ni anayefuata sheria, mwenye goti, mama anayetaka kwenda sawa na mume wake, mgonjwa wa moyo aliyeruhusiwa na daktari ajitahidi lakini asizidishe. Naona wazi ni kumpiga asiye na kosa kwa sababu yeye ndiye anashikika.

Ninachotaka mimi ni kanuni ya kupishana ifuate mzigo. Mwenye mota apishe pande zote mbili. Akishuka anampisha anayepanda kama zamani. Akipanda akakutana na anayeshuka, yeye ndiye asimame, kuondoka si shida yake, ingawa anayeshuka abaki na breki mkononi maana hawezi kujua kwa mbali yupi ana betri. Akimkuta mwenzake mbele anahema, asipite mpaka amebisha hodi, kwa sauti, kutoka mbali, kengele halafu neno, halafu asubiri mwenye mzigo achague pa kumpishia, hata ikichukua dakika mbili mlimani, dakika mbili kwa mwenye mota ni nini? Na apunguze msaada wa mota akikaribia. Marin kanuni ya kupita mtu ni maili 5 kwa saa, kilomita 8, na nadhani hiyo ingetakiwa ihesabiwe kwenye kupanda pia, si kushuka peke yake kama watu wanavyoichukulia. Kwa farasi asimame kabisa aongee na mpandaji, farasi akisikia sauti ya mtu anatulia, akisikia ule mlio bila sauti anaruka.

Na sisi wa kawaida tukipishwa tuseme asante, tusipite na sura ya kununa kama tumeibiwa kitu. Nimeona mzee anasimama kwenye majani, watu watatu wanapita mfululizo hakuna hata aliyemtazama, wa nne akamrushia neno kuhusu betri. Yule mzee alikuwa amefanya kila kitu sawa.

Kikundi chetu tuko kumi na mmoja, watatu sasa wana za umeme. Tumekubaliana kwenye kupanda hao watatu wanakaa nyuma, na wao ndio wanabeba pampu, tyubu za akiba na maji ya ziada, maana kilo tatu kwao si kitu. Mwezi wa pili sasa na hakuna aliyeshusha mguu kwa kushtuliwa. Yule aliyenipita kimya kimya sijamwona tena, nikimwona nitamsimamisha nimweleze haya haya, taratibu, kuanzia zile sekunde tano.