Wale Tusiowachagua

Kuna usemi unaopendwa sana siku hizi katika makundi ya WhatsApp ya Watanzania tunaoishi Ujerumani, na ambao hutufikia kila baada ya siku chache ukiwa umepambwa kwa picha ya machweo: nionyeshe marafiki zako, nikuambie wewe ni mtu wa namna gani. Sina ugomvi na ukweli uliomo ndani yake, kwani hata kabla ya simu kuwapo tulikwisha kuambiwa kwamba ndege wa rangi moja huruka pamoja. Ninachokikataa ni namna usemi huo unavyotumiwa, kana kwamba tabia ya mtu huonekana vizuri zaidi kwa watu aliowachagua mwenyewe. Nimeishi Stuttgart kwa miaka mingi, na kabla ya hapo niliishi Same, ambako karibu hakuna niliyemchagua miongoni mwa watu niliokua nao, na nimefikia kuamini kinyume chake: tabia yetu husomeka vizuri zaidi katika uhusiano ambao hatukuuomba na ambao hatuwezi kuukimbia kwa urahisi.

Ujerumani ni nchi ambayo mtu mzima anaweza kuchagua karibu kila uhusiano alio nao. Zaidi ya kaya milioni 16 nchini humu ni za mtu mmoja, yaani karibu kaya mbili katika kila tano. Watu hutembeleana kwa miadi, tena miadi ya kupangwa majuma mawili kabla, na mfanyakazi mwenzako anaweza kukuita kwa jina la ukoo na kwa lugha ya heshima miaka nenda miaka rudi, mpaka siku mkubwa kati yenu atakapopendekeza muitane kirafiki. Wageni wengi huuona huo kuwa ubaridi. Mimi siuoni hivyo, kwa sababu Mjerumani akishakufanya rafiki huja na gari lake siku unayohama nyumba, hubeba makochi yako hadi ghorofa ya nne, na wala hangoji kuombwa mara mbili. Hata hivyo, urafiki wa kuchagua una udhaifu wake. Tunachagua wanaotufanana kwa umri, kwa elimu, kwa msimamo wa siasa na hata kwa aina ya vichekesho, na siku mmoja wetu anapotamka neno linalochoma, hakuna anayegomba; miadi hupungua polepole mpaka urafiki ufe bila mtu yeyote kulazimika kueleza sababu. Kwa hiyo marafiki niliowachagua wanaonyesha ninavyopenda kuonekana. Nilivyo ni habari nyingine.

Nyumbani mambo hayakuwa hivyo. Ulizaliwa ukakuta shangazi, binamu, jirani na mke wa baba mdogo, wote wakiwa tayari na haki juu yako, na zaidi ya hao ukawakuta watani. Mtani hachaguliwi. Sisi Wapare watani wetu ni Wachaga, na kila Mtanzania amekwisha kusikia kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, kama ambavyo kila Mtanzania amekwisha kusikia yanayosemwa kuhusu Mchaga na pesa, nami sitayarudia hapa kwa kuwa baadhi yao watasoma. Wazaramo wana utani na Wanyamwezi, utani ambao huhusishwa na misafara iliyokuwa ikishuka pwani katika karne ya 19. Watu wa nje hudhani kwamba utani ni mzaha tu wa makabila, lakini uzito wake huonekana msibani. Huko mtani aliweza kuiga mwendo wa marehemu na sauti yake, akautaja ubahili wake waziwazi, akadai apewe chochote kabla hajaruhusu shughuli iendelee, na wafiwa wakajikuta wanacheka huku machozi hayajakauka. Kukasirika ilikuwa aibu. Nyani haoni kundule, na mtani alikuwa na kibali cha jamii nzima cha kumwonyesha. Sijui rafiki yeyote wa kuchagua, awe wa huku au wa kule, ambaye angethubutu kuitathmini tabia ya mtu kwa namna hiyo mbele ya jeneza lake.

Hata Ujerumani haijafaulu kuufuta kabisa uhusiano usiochaguliwa, na katika eneo hili la Waswabia unajificha mahali ambapo mgeni hautarajii, yaani kwenye ngazi za jengo. Wenyeji wana utaratibu wauitao Kehrwoche, wenye asili katika amri za usafi za tangu karne ya 15. Kibao hutundikwa kwenye mlango wa nyumba yako, na juma hilo ni wewe unayefagia na kupiga deki ngazi, na katika majengo mengine njia ya mbele pia. Juma likiisha, kibao huhamia kwa jirani. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mzee ambaye sijawahi kula naye chakula, ananijua kwa undani kuliko wenzangu wa kazini ambao tumekwenda nao hadi likizo. Anajua kama ninafagia pembe au ninapitisha ufagio katikati tu. Anajua ninavyofunga mlango baada ya saa nne usiku, na anajua kama niliichukua zamu yake alipofanyiwa upasuaji wa nyonga au kama nilingoja niombwe. Hakunichagua, nami sikumchagua, na ndiyo maana ushahidi wake juu yangu ningeuogopa mahakamani.

Nikitaja mahakama, Mpare ndani yangu anaamka. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka mgogoro wa wanandoa upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi, isipokuwa katika hali maalumu, kabla ya shauri la talaka kufunguliwa. Ujerumani, tangu mageuzi yaliyoanza kutumika mwaka 1977, haimtafuti tena mwenye kosa; kwa kawaida wanandoa hutakiwa waishi kwa kutengana kwa mwaka mmoja, na mahakama ikiridhika kwamba ndoa imevunjika, basi. Njia ya Wajerumani ina staha yake, kwani hakuna anayelazimika kuanika chumba chake cha kulala mbele ya watu. Lakini mtu anaweza kuoa, kutengana na kuachana bila kukutana hata na mzee mmoja aliyemuuliza, mbele ya mkewe, amekuwa mume wa namna gani. Mabaraza yetu nayo yana dosari, na wanawake wengi wametoka humo wakiwa wameambiwa wavumilie tu. Bado swali lenyewe huulizwa.

Jambo ambalo hasa lilinisukuma kuandika, hata hivyo, ni sifa tunazopewa sisi tulio mbali. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na baadaye programu za kutuma pesa kutoka Ulaya zilipoungana na simu za nyumbani, imekuwa rahisi kwa mtoto aliye Stuttgart kuwa mwema. Anabonyeza mara chache akiwa kwenye treni, na dakika chache baadaye mama yake Same anawaambia majirani kwamba hajapata kuona mwana kama huyu. Wakati huohuo dada yake aliyebaki nyumbani ndiye anayempeleka mama kliniki ya kisukari, anamwogesha, anamnyima chumvi, anamficha soda na kugombana naye juu ya dawa. Huyo dada anaitwa mkali. Katika kikao cha ukoo, aliye Ulaya husifiwa na aliyebaki huonywa ajifunze kusema taratibu na mzazi. Nasema bila kuficha kwamba hesabu hiyo imekosewa. Wema wa kutumwa kwa simu haujajaribiwa na chochote zaidi ya mshahara, ilhali ukali wa dada umepita katika usiku wa kukosa usingizi, harufu ya vidonda na lawama za asubuhi, na bado yupo. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, na kutogongana kwetu na mama ni ushahidi wa umbali tu.

Hapohapo tunapenda kuambiana kwamba Wazungu huwatupa wazazi wao. Takwimu za serikali zinasema vingine. Mwisho wa mwaka 2021, watu karibu milioni 5 nchini Ujerumani walikuwa wakihitaji kuangaliwa kwa sababu ya uzee, ugonjwa au ulemavu, na zaidi ya wanne katika kila watano kati yao walikuwa wakihudumiwa nyumbani, wengi wao na jamaa zao wenyewe. Wapo wanaofanya hivyo ingawa wangeweza kujitoa. Bima ya uangalizi ipo tangu mwaka 1995, na tangu tarehe 1 Januari 2020 mtoto hadaiwi mchango wa gharama za makao ya mzazi aliyeishiwa isipokuwa kama kipato chake kwa mwaka kinazidi euro 100,000. Mwenzangu mmoja kazini, mtu mwenye maneno machache na ambaye tulimdhania mkavu, alipunguza saa za kazi na mshahara wake ili awe na baba yake, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hawakuwahi kupatana. Sheria isingemfuata. Sikuwa nimemjua kabla ya hapo, pamoja na kukaa naye meza moja siku zote hizo.

Kwa sababu hiyo nausoma kwa mashaka ushauri mwingine unaosambaa pamoja na ule usemi wa marafiki, yaani ule wa kulinda amani yako na kuwakata wote wanaokuchosha. Nisieleweke vibaya: anayepigwa aondoke, tena leo, na anayeibiwa na ndugu yake afunge mkoba. Wala sisemi kwamba uhusiano tuliozaliwa nao ni mtakatifu. Sisi nasi tunajua kufunika kombe mwanaharamu apite, na katika koo zetu wamo wajomba waliokunywa karo za watoto wa marehemu huku kila mtu akijua na kila mtu akinyamaza kwa jina la umoja. Kutochagua hakumfanyi mtu awe mwema, ila kunamwondolea nafasi ya kujipamba. Anayemkata dada kwa kuwa ni mkali, na jirani kwa kuwa ni mdadisi, na mtani kwa kuwa hana adabu, atabaki na watu wanaompenda sana na wasiomjua.

Wazee wetu walilielewa hili katika suala la posa. Mshenga alipotumwa kuulizia habari za kijana, hakuanza na marafiki, kwa sababu marafiki wangesifu. Alikwenda kwa jirani, kwa mwenye shamba linalopakana na lao na kwa mama wa kambo kama alikuwapo. Huku ughaibuni uulizaji huo umekufa. Hivi karibuni mama yangu mdogo anayeishi Mwanga alinipigia simu kwamba binti yake anayesoma huku amepata mchumba, kijana wa kwetu, na akaniomba nimchunguze. Alikwisha kuambiwa kwamba kijana ana marafiki wazuri na anahudhuria kanisa. Nilimwomba radhi nikamwambia kwamba hayo hayanitoshi, na kwamba kwanza nitawatafuta wanafunzi aliokuwa akishirikiana nao jiko katika nyumba ya kupanga, niwaulize ni nani aliyekuwa akiosha masufuria. Kisha nitauliza anasemaje na mdogo wake anayeomba pesa kila mwezi, na kama nduguye aliyebaki na wazazi hupokea simu yake kwa furaha. Mama mdogo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na binti yangu naye huulizwa hayo?" Nikamjibu kwamba bila shaka upande wa kijana umeshaanza kuuliza, na kwamba lingekuwa jambo jema ampigie binti simu jioni hiyohiyo.