Kabla hamjachora uwanja, nionyesheni mtu wa Chanika anarudije kwake

Juzi Jumamosi nilienda kuwaangalia Chicago Fire, timu ya soka ya huku Chicago, Marekani, pale uwanja wa Soldier Field. Mechi imeanza saa moja na nusu usiku, ikaisha, tukatembea zetu mdogo mdogo kupita yale makumbusho mpaka stesheni ya Roosevelt, nikapanda treni ya Red Line ya kwenda Howard, na saa tano haijafika niko kwangu Rogers Park napasha wali. Kwenye behewa kulikuwa na mama na watoto wake wawili wamelala na jezi zao, hamna aliyesukumwa, hamna aliyepitia dirishani. Nikamrushia kaka yangu voice note ya furaha tu, yeye anakaa Chanika, pembeni kabisa ya Dar, akanijibu kwa kifupi: "Haya, endelea kututambia na treni zako."

Kaka, sijatamba. Na nyie wengine mnaojiandaa kuniandikia kwamba nimeanza uzungu, nisomeni mpaka mwisho kwanza, maana nataka kuongelea uwanja, na hasa uwanja wetu sisi Wananchi, sisi Yanga.

Huku kulikuwa na mjadala mkubwa wa uwanja. Juni 2025 mmiliki wa Fire, Joe Mansueto, alitangaza kwamba anajenga uwanja mpya wa watu 22,000 kwa dola milioni 650, na hela ya uwanja wenyewe anatoa yeye. Mahali panaitwa The 78, kwa sababu Chicago ina maeneo 77 yaliyopangwa rasmi na hapo wanataka pawe pa 78. Ni eka 62 kando ya mto, zamani zilikuwa reli za treni za mizigo, zimekaa tupu miaka na miaka katikati ya South Loop na Chinatown. Washawahi kupatajia kasino, chuo kikuu kikataka kujenga kituo cha utafiti kikaacha, mwaka 2024 White Sox wa besiboli nao wakaleta picha zao nzuri za uwanja. Sasa wamepata Fire, na Septemba 2025 baraza la jiji likapitisha.

Sasa hela tuiweke pembeni kidogo, najua mtasema wenzetu wanazo. Mimi kilichonikaa kichwani ni vitu walivyobishania. Nilienda kwenye mkutano mmoja wa wakazi, ukumbi mdogo, viti vya plastiki kama vya harusi kwetu, jamaa wa ramani amesimama mbele na projekta yake anaonyesha bustani, migahawa, watu wanakunywa kahawa kando ya mto. Akasimama bibi mmoja wa Kichina, mjukuu wake anamtafsiria, ameshika karatasi aliyoandika mwenyewe. Hakuuliza kuhusu migahawa. Akauliza: siku ya mechi, gari linalompeleka mume wangu kusafishwa figo litapita mtaa gani? Jamaa akajibu majibu ya jumla, mpango wa magari upo, wataalamu wanaufanyia kazi. Bibi akasubiri mjukuu amalize kutafsiri, akarudia swali lilelile neno kwa neno. Ukumbi mzima ukapiga makofi na jamaa ikabidi arudi kwenye ramani aonyeshe mtaa kwa kidole.

Mimi nilikaa pale nikajiuliza, hivi kwetu huyo bibi angeongelea wapi? Uwanja tunausikia siku ya kuweka jiwe la msingi, ngoma zimeshapigwa, tenti zimeshafungwa, waheshimiwa wako mbele, ukiuliza watu watatokaje unaonekana mpinga maendeleo.

Na msifikiri hawa watu wanajua tangu kuzaliwa. Walishakosea vibaya sana, na ndiyo maana mwaka 2025 walikuwa wakali. Nilipofika Chicago, Fire walikuwa wanacheza Bridgeview, kamji kadogo nje ya jiji upande wa kusini magharibi. Uwanja mzuri, wa watu 20,000, ulifunguliwa 2006, umejengwa kwa ajili ya soka kabisa, ukikaa unaona mpaka jasho la beki. Ardhi ilikuwa ya bei nafuu, kamji kakakopa hela kwa hati fungani kakajenga, kila mtu akafurahi. Tatizo treni haifiki. Unapanda Orange Line mpaka mwisho, Midway, halafu unatafuta basi au unalipia gari ya mtandao, na kurudi ndiyo usiseme, mimi nimeshasimama pale kwenye bahari ya maegesho Machi baridi inakata masikio nikiangalia wenye magari yao wanaondoka mmoja mmoja. Wakamsajili hadi Schweinsteiger, bingwa wa dunia wa 2014, na bado msimu wa 2019 wakawa wa mwisho ligi nzima kwa mahudhurio. Timu iliyochukua ubingwa mwaka wake wa kwanza kabisa, 1998! Mwisho wakalipa zaidi ya dola milioni 60 kuvunja mkataba ili waondoke kule warudi mjini. Milioni sitini kwa kosa la kuchagua mahali. Na wakazi wa Bridgeview wakabaki na deni wanalilipa kwenye kodi za nyumba zao.

Kwa hiyo ukiniambia "huko wana hela" nakujibu hela walikuwa nazo na Bridgeview ikawashinda. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza shabiki atarudije nyumbani saa tatu na nusu usiku.

Haya, turudi kwetu. Uwanja wa Mkapa mnaujua, mimi sina la kuwafundisha. Tangu 2007, viti 60,000, na nikisema nyumbani kuna kitu huku hakipo namaanisha pale. Soldier Field nayo inaingiza watu kama 60,000 lakini Fire kuijaza mpaka aje Messi na Inter Miami. Sisi tunaijaza Mkapa kwa kiungo Pacome, tunaijaza kwa mechi ya Jumamosi tu na vuvuzela na wale wazee wa ngoma, na hamna Mzungu yeyote atakayenifundisha mimi kushangilia. Nimeshawaonyesha wenzangu kazini video za dabi, wanaduwaa. Hilo natembea nalo kifua mbele popote.

Lakini kaka yangu, huyu huyu aliyesema natamba, ananunua tiketi, anafunga kibanda chake mapema, anapanda magari mawili kutoka Chanika, anaingia, halafu dakika ya 75 anasimama anatoka. Anatoka! Mechi ni moja moja, yeye anawahi gari. Akikaa mpaka filimbi ya mwisho atakuta kituoni watu elfu ngapi, daladala zimebadilisha bei, konda anaita "Gongo la Mboto buku mbili", bodaboda wanataja hela ya kulipia kodi ya chumba. Siku moja bao la ushindi alilisikia akiwa nje ya geti. Kasikia kelele, kageuka, kakimbia kurudi, askari kamwambia ukitoka huingii. Shabiki amelipa hela yake, bao la ushindi kalisikia kupitia ukuta. Hili linaniuma kuliko kufungwa.

Na si habari ya usumbufu peke yake. Ile fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger, Mei 2023, mtu mmoja alifariki kwenye msongamano na wengine wakaumia, na mechi yenyewe haijaanza. Mtu alivaa jezi akaaga nyumbani. Watu wanaingiaje na wanatokaje ndiyo uwanja wenyewe, nyasi na viti vinakuja baadaye.

Sasa Jangwani, yalipo makao yetu. Wanachama tunaahidiwa uwanja pale tangu enzi za mwenyekiti wetu Manji, michoro imepita mingi, mwingine mzuri kuliko mwenzake. Kuna wanaosema hapana, pale ni bondeni, mto Msimbazi ukifura uwanja wetu wa zamani wa Kaunda wote unageuka bwawa, twendeni nje ya mji tukachukue heka hamsini tujenge kwa raha. Nawaelewa. Desemba 2011 nilikuwepo Dar, nayakumbuka yale maji na wale watu waliohamishiwa Mabwepande. Mtu anayesema Jangwani maji si tatizo huyo anatudanganya. Uwanja pale bila kushughulikia mto kwanza ni kumwaga hela mtoni, na huo mradi wa bonde la Msimbazi unaoendelea, wa daraja na kuchimba mto, ndiyo uamue pawezekane au pasiwezekane. Wahandisi waseme, si sisi wa mitandaoni.

Lakini hebu angalieni ramani. Jangwani unashuka mwendokasi ya Morogoro Road unatembea. Kariakoo hapo, daladala nyingi za mji huu zinapita Kariakoo au jirani yake. Mtu wa Kimara anarudi, wa Mbagala anarudi, wa Chanika anabadilisha mara moja anarudi. Mtu anayetaka heka hamsini nje ya mji anielezee huyo wa Chanika anafikaje Kibaha au Bunju na anarudije. "Watu watanunua magari", jamani, nani? "Barabara itajengwa", lini? Azam walijenga kwao Chamazi, heshima kubwa kwao, wana uwanja wao wenyewe, ila muulize mtu wa Tegeta siku ya mechi ya usiku Chamazi anafika kwake saa ngapi.

Najua kuna mmoja pale ameshaandika kwenye comment: "Wewe umekaa Marekani unatupangia." Ndugu yangu, nalipa ada ya uanachama kama wewe, mama yangu yuko Buguruni, na nikifa nitazikwa huko huko. Mwingine atasema "mbona huko pia wanalalamika". Ndiyo, tena sana! Chinatown wanaogopa kodi za vyumba zitapanda wasukumwe nje, na wana haki ya kuogopa. Hela ya uwanja ni ya tajiri lakini barabara na ukuta wa mto vinaingiza hela ya umma, jiji lilishatenga mfuko wa eneo lile tangu 2019, na watu wanauliza kwa nini shule zao zinavuja. Bears, timu ya ule mpira wao wa Kimarekani, walinunua uwanja wa zamani wa mbio za farasi Arlington Heights, karibu dola milioni 200, eka zaidi ya 300, na wameyumbisha mji mzima wanakwenda hawaendi. Treni zenyewe si peponi, kuna siku mtu anavuta sigara behewani na hamna wa kumwambia. Mimi siwapambi hawa.

Ila wakigombana wanagombana kabla. Hapo ndipo roho yangu inawaka, maana sisi si wajinga, sisi tuna midomo kuliko hawa, kijiwe kimoja cha Kariakoo kina wachambuzi kuliko ukumbi ule wote, tunajua kikosi, tunajua mkataba wa kila mchezaji unaisha lini, lakini kwenye mkutano mkuu hoja ya uwanja ikija tunaulizwa "mnakubali?" tunaitikia ndiyooo, tunapiga picha na mchoro, tunaondoka. Tunabishana Pacome acheze kumi au pembeni masaa matatu, uwanja wa kukaa miaka hamsini tunaupitisha dakika tatu.

Kwa hiyo nimemwambia kaka, mkutano ujao wa wanachama nauli yako naituma mimi, nenda na kadi yako. Mchoro ukifunguliwa usiulize viti vina rangi gani. Simama uulize mechi ikiisha saa tatu na nusu, gari la Chanika liko wapi, watu elfu arobaini wanapita mtaa gani mpaka kulifikia, na nani anasaini kwamba litakuwepo. Wakikujibu kwamba mpango upo, wataalamu wanaufanyia kazi, usikae chini, uliza tena.