Haidrojeli na gegedu la goti: tusitupe jongoo na mti wake

Oktoba 2024 Cartiva iliondolewa sokoni. Ilikuwa kizibo kidogo cha haidrojeli (jeli ya wavu wa molekuli uliolowa maji) kilichopandikizwa kwenye kiungo cha dole gumba la mguu lililochakazwa na osteoathritisi, ugonjwa wa viungo, na Marekani ilikuwa imekiidhinisha mwaka 2016. Waliolazimika kupasuliwa upya walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na vizibo vingine vilididimia ndani ya mfupa. Ni rahisi baada ya hapo kusema kwamba jeli haina lake kwenye viungo. Hukumu hiyo naiona ya haraka mno.

Kizibo kile kilikuwa cha polima isiyomeng'enywa mwilini. Kilitakiwa kukaa pale pale na kubeba uzito, basi. Jeli nyingi zinazotafitiwa kwa ajili ya goti zina kazi tofauti kabisa: humiminwa zikiwa majimaji ndani ya tundu la gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo), hugandishwa kwa mwanga au kwa joto la mwili, na huhifadhi seli au dawa. Kisha humong'onyoka taratibu huku seli zikijenga tishu yao wenyewe.

Lakini kitu laini namna hiyo kitabebaje mtu mzima? Swali hili husahau gegedu lenyewe limeumbwa na nini. Asilimia 65 hadi 80 ya uzito wake ni maji, nalo hubeba mzigo ambao, kwa kutembea tu, hufika mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Siri iko kwenye wavu wa kolajeni, yaani nyuzi za protini, uliojaa molekuli zenye chaji hasi zinazoyavuta maji na kuyang'ang'ania. Ukikanyaga, maji hutaka kutoka lakini njia ni nyembamba mno, na shinikizo lake ndilo linalokushikilia wima. Ukiinua mguu, yanarudi. Kwa hiyo anayetafuta kiraka cha gegedu kwenye wavu uliolowa maji anafuata umbile la gegedu lenyewe.

Tena gegedu halina mishipa ya damu, na seli zake ni chache sana, takriban asilimia 2 ya ujazo wote. Ndiyo maana daktari William Hunter aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halijirudishi. Madaktari wa mifupa hutoboa vitundu kwenye mfupa ulio chini ili uboho wenye seli upande hadi kwenye tundu, lakini kinachoota mara nyingi ni gegedu la nyuzi, lisilodumu. Seli zinazofika pale hukosa mazingira ya kuwa gegedu halisi, na mazingira hayo ndiyo jeli inayojaribu kuyatoa.

Wanaopinga wana hoja nzito. Majaribio mengi ya kuziba gegedu huchagua vijana wenye tundu moja lililotokana na jeraha, kingo zake zikiwa nzima. Osteoathritisi ni ugonjwa wa kiungo kizima: mfupa wa chini hubadilika, utando wa kiungo huvimba, na vimeng'enya vinavyokata kolajeni ya zamani vitaikata na mpya. Isitoshe, njia zilizopo si haba. Kila kilo anayopunguza mtu mnene hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua, na magoti bandia manane kati ya kumi hudumu miaka 25.

Hata hivyo, anayebadilishiwa goti akiwa na miaka 50 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kupasuliwa kuliko wa miaka 70, na huyo wa 50 ndiye mazoezi yakishindwa huambiwa avumilie kwanza. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 528 hivi walikuwa na osteoathritisi, na zaidi ya robo yao walikuwa hawajavuka miaka 55. Korea Kusini iliidhinisha mwaka 2012 tiba ya seli za damu ya kitovu zilizochanganywa na jeli ya hayaluroneti (kemikali ya asili iliyomo kwenye ute wa viungo), kwa magoti yenye osteoathritisi hasa. Kwa hiyo kiungo kigonjwa si eneo lisiloingilika. Kinachotakiwa sasa ni majaribio yanayowapokea wagonjwa wenyewe, yenye jeli inayotuliza uvimbe kabla ya kujenga, na ufuatiliaji usiokoma baada ya miaka miwili.