WhatsApp yako bado iko wazi kule maabara ya kompyuta

Hili suala la wanafunzi kuunganisha simu zao na kompyuta za chuo linanikera, na kinachonikera zaidi ni vile lawama zote anabebeshwa mwanafunzi. Mtu ana asaimenti kwenye simu, flashi anaogopa virusi, printa ndo hiyo hapo, mwisho wa kukusanya saa nane mchana, we ulitaka afanyeje? Anafungua WhatsApp Web, anaskani ile QR, anadaunilodi faili, anaprinti, anafunga ukurasa mbio awahi kipindi. Sasa kufunga ukurasa sio kutoka kwenye akaunti, na maabara nyingi zinatumia akaunti moja ya Windows kwa kila mtu, kwa hiyo anayekaa pale baada yake akifungua tu anakutana na meseji zote, za mama anayeulizia ada, za mpenzi, za grupu la ukoo wanachangishana hela ya matibabu.

Wengi bado wanaamini ukiondoka na simu yako basi imekatika. Zamani ilikuwa hivyo kweli. Tangu 2021 WhatsApp walipoanza kubadilisha mfumo, kompyuta inapokea meseji hata simu ikiwa imezimwa, na inajitoa yenyewe simu ikikaa siku 14 bila kutumika, haya niambie nani anakaa siku 14 hajagusa WhatsApp?

Na hiyo ina nafuu. Kuna anayeingia Chrome na Gmail yake akakubali kila kitu kihamie, hapo paswedi alizosevu kwenye simu zinashuka kwenye mashine ya chuo. Ukiunganisha Phone Link, ile programu ya Windows ya kuunganisha simu na kompyuta, ndo SMS zenyewe zinatokea pale, mpaka zile namba za uthibitisho za benki.

Karatasi ya ukutani inayosema "toka kwenye akaunti yako" haitoshi jamani. Fundi wa maabara anaweza kuweka Chrome ifunguke kwa hali ya mgeni (Guest mode), ukifunga madirisha yote inafuta historia na akaunti ulizoingia, ila faili ulizodaunilodi zinabaki, na hailipiwi hata senti. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Najua chuo kitasema chati za wanafunzi hawakuzikusanya wao, sawa, lakini mashine ni zao na mipangilio ni yao.

Ulishawahi kuskani pale, fungua simu sasa hivi, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, toa usichokitambua. Na hili la hali ya mgeni mpeni CR, yaani mwakilishi wa darasa, alipeleke kwenye kikao muhula huu huu.