Rolls-Royce na Biashara ya Kuuza Ukimya

Gari ambalo wengi wanalihesabu kuwa la kifahari kuliko yote duniani lilizaliwa kwa sababu mtu mmoja alichoshwa na gari la mtumba. Mtu huyo ni Henry Royce, fundi umeme wa Manchester, na mtumba wenyewe ulikuwa gari la Kifaransa aina ya Decauville lenye silinda mbili. Lilikuwa likiunguruma na kutetemeka, na Royce hakuwa mtu wa kuvumilia mashine inayotetemeka. Wengi wetu tukiangukia gari la namna hiyo tunalalamika mwezi mzima, halafu tunatafuta wa kumbambikia. Yeye alilifungua lote, akalichunguza kipande kwa kipande, akaona anaweza kutengeneza lililo bora. Tarehe 1 Aprili 1904, Siku ya Wajinga, gari lake la kwanza likatoka karakanani likiendeshwa na mwenyewe.

Naanzia hapo kwa sababu nimechoka na makala za Rolls-Royce zinazoanza na bei. Ukishaanza na bei, hakuna tena cha kueleza. Msomaji anaguna, anatikisa kichwa, anaondoka. Mimi sina mpango wa kulinunua (benki yangu ingecheka mpaka ifunge ofisi mapema), lakini habari zake nimezifuatilia kwa miaka, na kila nikizidi kusoma naona kitu kilekile: kampuni hii haikuanza kwa kuuza utajiri. Ilianza kwa kuuza ukimya. Utajiri ulikuja baadaye, ukakaa kiti cha nyuma, ukajifanya ndiye mwenye gari.

Royce hakuwa mtoto wa kishua hata kidogo. Baba yake alikuwa msaga nafaka katika kijiji cha Alwalton, mambo yakamwendea kombo, akafariki Henry akiwa na miaka tisa. Mtoto akauza magazeti, akasambaza telegramu. Ndugu mmoja wa ukoo akamlipia pauni 20 kwa mwaka ili ajifunze ufundi kwenye karakana za reli za Peterborough, na baada ya kama miaka mitatu hela zikakatika. Hakumaliza. Mwaka 1884 akaungana na rafiki yake Ernest Claremont, wakafungua karakana Manchester, wakaanza na vitu vidogovidogo vya umeme kama kengele za mlangoni, wakapanda taratibu hadi dainamo na kreni. Hata alipokuwa tajiri mwenye cheo, aliendelea kujiita makenika tu.

Mwenzake, Charles Rolls, alitoka dunia nyingine kabisa. Mtoto wa lodi, kasoma Eton na Cambridge, ana duka London la kuuza magari ya Kifaransa na ya Kibelgiji, na linalomkera ni kwamba nchi yake haina gari la kujivunia. Rafiki mmoja, Henry Edmunds, akawakutanisha kwenye Hoteli ya Midland, Manchester, tarehe 4 Mei 1904. Rolls hakuyapenda magari ya silinda mbili, na la Royce lilikuwa la silinda mbili. Alipopanda na kuona jinsi linavyokwenda kwa utulivu, palepale akataka kuchukua kila gari ambalo Royce angeweza kutengeneza. Kampuni yenyewe ikasajiliwa Machi 1906.

Sasa wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, historia ya Rolls-Royce inawapinga. Chema cha Royce kilitembezwa, tena kwa ustadi mkubwa, na mtembezaji ni mtu ambaye jina lake halimo kwenye nembo: Claude Johnson. Aliwahi kuwa katibu wa kwanza wa klabu ya magari ya Uingereza, akaja kwa Rolls kama mshirika, na watu wakamtania kwamba yeye ndiye kile kistari kinachounganisha Rolls na Royce. Kwangu mimi utani huo ni tathmini sahihi.

Tazama alivyofanya mwaka 1907. Royce alikuwa ameshatengeneza chasisi mpya ya silinda sita, injini ya lita saba, krenki nene iliyokalia beringi saba ili isipate nafasi ya kupinda wala kutikisika. Kwa fundi, hiyo tayari ni habari kubwa. Kwa mnunuzi, ni maneno matupu. Johnson akachukua gari moja, bodi ikatengenezwa na mafundi wa Barker, akalipaka rangi ya fedha, vyuma vyake vikapigwa maji ya fedha halisi, akalibandika jina: Silver Ghost, mzuka wa fedha. Mzuka kwa sababu ulipita mbele yako bila kusikika. Kisha akalipeleka barabarani, London hadi Glasgow, Glasgow hadi London, nenda rudi, usiku na mchana, mpaka likakamilisha maili 15,000. Mwanzoni kabisa lilisimama mara moja kwa sababu bomba dogo la petroli lilijifunga lenyewe kwa mtikisiko. Likafunguliwa, na kutoka hapo likaenda maili 14,371, zaidi ya kilometa 23,000, bila kusimama kwa hitilafu yoyote. Walipolifungua mwishoni kukagua, vipuri vya kulirudisha kwenye hali ya upya viligharimu pauni 2, shilingi 2 na peni 7. Kumbuka barabara za wakati huo zilivyokuwa. Kumbuka pia kwamba mwenye gari wa enzi hizo hakutoka nyumbani bila spana.

Mwaka uliofuata kampuni ikaacha kutengeneza aina nyingine zote, ikabaki na hii moja, na kiwanda kikahamia Derby. Kutupa bidhaa zako zote ukabaki na moja ni uamuzi wa kichaa au wa mtu anayejua hasa ameshika nini. Na hata hiyo moja hukuuziwa nzima: ulilipia chasisi na injini, halafu unapeleka mwenyewe kwa wajenzi wa bodi wakushonee gari kama unavyoshonewa suti. Utaratibu huo ulidumu mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndiyo maana magari yao ya zamani hayafanani. Lililo sawa ni la ndani, na pale mbele kwenye radieta yenye umbo la hekalu la Kigiriki.

Juu ya radieta hiyo kuna yule mwanamke anayeinama kwenye upepo, joho lake likipepea kama mabawa. Wengi wanamjua kwa sura, wachache wanajua alikotoka. Lodi Montagu wa Beaulieu alikuwa na Rolls-Royce na alitaka sanamu ya kuweka mbele. Mchongaji Charles Sykes akamchongea mwanamke aliyeweka kidole mdomoni, kana kwamba anasema nyamaza. Sanamu ile waliiita Mnong'ono. Inaaminika kwamba mfano wake alikuwa Eleanor Thornton, katibu na mpenzi wa siri wa lodi huyo, siri iliyofichwa kwa miaka. Mwaka 1911 Sykes akachonga nyingine kwa ajili ya kampuni yenyewe, Spirit of Ecstasy tunayoijua leo. Eleanor alikufa tarehe 30 Desemba 1915, meli ya Persia ilipopigwa torpedo kwenye Bahari ya Mediterania. Montagu alikuwemo kwenye meli hiyo hiyo, yeye alinusurika.

Rolls mwenyewe alishatangulia. Ndege zilikuwa zimemteka kuliko magari, na Juni 1910 alivuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa akarudi bila kutua, wa kwanza kufanya hivyo. Mwezi uliofuata mkia wa ndege yake ulikatika angani huko Bournemouth, akafa na miaka 32. Royce naye akaugua vibaya muda si mrefu baadaye, na kwa miaka zaidi ya ishirini iliyobaki alifanya kazi akiwa kwenye nyumba za pwani, akichora, wahandisi wakisafiri kumfuata. Alifariki 1933.

Miaka iliyofuata naipita haraka, maana mengi ni majina ya modeli. Kuna jambo moja tu siwezi kuliruka, nalo ni lile tangazo maarufu la mtunga matangazo David Ogilvy la mwishoni mwa miaka ya 1950, lililosema kwamba gari likiwa kwenye maili 60 kwa saa, kelele kubwa kuliko zote unayoisikia ni ya saa ya umeme. Kichwa chake hakikutaja kasi ya juu, hakikutaja ngozi wala mbao. Katika enzi hiyohiyo kampuni ilikuwa na mazoea ya kutotaja nguvu za farasi za injini zake. Ukiuliza, unajibiwa kwamba inatosha. Mimi jibu hilo hunichekesha na kunikera kwa pamoja. Ni jeuri, lakini ni jeuri ya kampuni iliyoelewa kwamba mteja wake hashindani na mtu kwenye taa za barabarani.

Halafu likaja la jina. Hapa ndipo nadhani anayetaka kuelewa mvuto wa chapa hii aketi atulie. Mwaka 1971 Rolls-Royce ilifilisika, na si kwa sababu ya magari. Iliangushwa na upande wake wa injini za ndege, kwa gharama za kutengeneza injini moja iitwayo RB211. Serikali ikaichukua, na upande wa magari ukatengwa ukawa kampuni yake. Baadaye ukaangukia mikononi mwa kampuni ya Kiingereza ya Vickers, na mwaka 1998 Vickers wakaamua kuuza. BMW walitoa dau la pauni milioni 340, Volkswagen wakapanda hadi 430, wakashinda. Wakapata kiwanda cha Crewe, ambako magari hayo yalikuwa yakitengenezwa wakati huo, michoro, haki ya ile sanamu, haki ya umbo la radieta. Lakini jina Rolls-Royce na zile R mbili zilizopandana kwenye nembo zilikuwa mali ya kampuni ya injini za ndege, na kampuni hiyo ikawapa BMW leseni kwa pauni milioni 40. Yaani Volkswagen walinunua nyumba na fenicha zake zote, halafu wakagundua hati iko kwa jirani. Mwisho wakaelewana: Volkswagen wabaki na Bentley, chapa nyingine ya kampuni ileile, na kiwanda cha Crewe, BMW wajenge kipya Goodwood, na Januari 2003 Phantom ya kwanza ya zama mpya ikakabidhiwa kwa mwenyewe.

Kuna wanaosema tangu siku hiyo ni gari la Kijerumani lililovaa koti la Kiingereza. Siwabishii sana, injini ni ya ukoo wa BMW, na hilo halifichiki. Ila nenda kaangalie picha za yule fundi wa Goodwood anayechora mstari mwembamba ubavuni mwa gari. Brashi yake ni ya manyoya ya kindi, mstari una upana wa milimeta 3, unakimbia karibu urefu wote wa gari, na anauchora kwa mkono bila kutumia rula. Mkono ukitetemeka, kazi imeharibika. Royce angemwelewa mtu huyo bila mkalimani.

Ambacho sidhani angekielewa ni dari yenye vitaa zaidi ya elfu moja vinavyoigiza nyota, na rangi ambazo wateja wanaziagiza siku hizi, nyingine zinaumiza macho ukiwa ng'ambo ya barabara. Gari halisikiki kwa masikio lakini linapiga kelele kwa macho. Najua utaniambia si jambo geni, na utakuwa sahihi. John Lennon aliipaka Phantom yake rangi ya njano yenye maua mwaka 1967, na Johnson mwenyewe alipiga vyuma maji ya fedha ili watu wageuke. Hata Lenin wa Urusi, kiongozi wa wafanyakazi wote duniani, alikuwa na Silver Ghost yenye minyororo kama ya tingatinga nyuma kwa ajili ya theluji. Tangu zamani waliomo ndani walifurahia utulivu huku walio nje wakilazimishwa kutazama. Hata hivyo, naona kuna mpaka, na Cullinan, lile dude refu la 2018 lililopewa jina la almasi, limeuvuka. Linauzwa sana. Hilo halinibadilishi mawazo.

Gari lao la umeme, Spectre, lililoanza kuwafikia wateja mwaka 2023, ndilo ninaloliona limerudi nyumbani. Wapenzi wa injini wamelalamika kwamba Rolls-Royce bila silinda kumi na mbili si Rolls-Royce. Lakini Charles Rolls aliliendesha gari la umeme, akalisifu mwaka 1900, kabla hata hajamjua Royce: halina kelele, ni safi, halinuki wala halitikisiki. Kilichobaki, alisema, ni kupatikana kwa vituo vya kuchaji.

Na kabla ya Spectre kuna kisa cha Ghost ya 2020. Wahandisi waliijaza zaidi ya kilo 100 za vifaa vya kumeza sauti, wakaziba kila ufa, mpaka ndani pakawa kimya kupita kiasi, na waliokaa humo wakaanza kujisikia vibaya, kama wamepotewa na mwelekeo. Ikabidi warudi nyuma. Wakarekebisha mtetemo wa fremu za viti, wakatoboa matundu ya hewa kuelekea kwenye buti, mpaka vipande vyote vikatoa sauti moja hafifu inayofanana. Wao wenyewe wakaiita mnong'ono.